NI NANI ALIYEDHARAU JEMBE?



Twasikia tena maneno yale ya zamani, ya kwamba vijana waliopata elimu huchukia kazi za mikono, na ya kwamba masomo ya kilimo na ufundi katika shule za sekondari yalianguka kwa sababu ya kiburi chao. Wasemao hivyo mara nyingi ni watu wakubwa, walioketi katika viti vyenye mito. Sisi twayakanusha. Tena twataka kuyakanusha mapema, kwa maana tangu mwaka 2024 mkondo wa amali umeanza kufundishwa katika baadhi ya shule za sekondari za Tanzania, na ikiwa lawama itawekwa pasipo mahali pake, kosa litarudiwa lile lile.

Na tuanze mbali kidogo. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones, ilizunguka Afrika ya Mashariki, naye Dr. Aggrey wa Gold Coast alikuwamo. Tume ile ilisifu sana mfano wa Hampton na Tuskegee huko Marekani, shule za watu weusi zilizofundisha ukulima, useremala na kazi za nyumbani pamoja na kitabu. Shauri lenyewe halikuwa baya. Walakini katika nchi ambazo shule ziligawanywa kwa rangi, Mwafrika hakukosa kuona ya kuwa jembe lilisifiwa mbele yake tu. Hata Makerere ilianza mwaka 1922 kuwa shule ya ufundi, yenye wanafunzi 14 wa useremala, ujenzi na umakanika. Ilipopanda daraja, ufundi ulitolewa ukapelekwa penginepo. Mwenye macho aliona heshima ilikoelekea, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Baada ya uhuru maneno yakabadilika, na kwa nia njema. Mwezi wa Machi mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, akataka shule ziwe na mashamba na karakana, na mwanafunzi asitengwe na kazi ya wazazi wake. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 shule za sekondari zikapewa michepuo minne, yaani kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu.

Sasa tuseme kweli yaliyotendeka. Katika shule nyingi jembe lilikuwa na kazi mbili: asubuhi lilikuwa somo, na jioni lilikuwa adhabu. Aliyechelewa mstarini alipimiwa kipande cha kulima. Aliyepiga kelele bwenini alipimiwa. Aliyetoroka usiku alipimiwa kikubwa zaidi, penye visiki. Hatukupata kusikia ya kuwa mtoto aliyeshinda wenzake katika hesabu alipewa jembe kuwa tuzo. Kisha yule aliyesoma kilimo miaka minne alitoka shuleni hana shamba, hana ng'ombe, hana mkopo, na mwenzake aliyefaulu vitabu akaenda Kidato cha Tano. Na tuulize basi, ni nani hapo aliyedharau jembe: ni kijana, ama ni wale waliompa?

Jambo hili halikuwa siri. Mwaka 1965 mtaalamu Philip Foster, aliyechunguza shule za Ghana, aliandika ya kuwa matumaini ya wanafunzi hayafanywi na ratiba ya masomo, bali na kazi na mishahara waionayo nje ya shule. Kwa maneno yetu sisi, shule ya kitabu ndiyo iliyokuwa shule ya kazi, kwa kuwa ndiyo iliyompeleka mtu penye mshahara. Wanachama wa chama hiki hawahitaji mtaalamu awafundishe hilo. Kijana alikwenda kwenye kalamu kama mvuvi aendavyo penye samaki, wala hakuna amwitaye mvuvi mwenye kiburi.

Mwaka 1985 George Psacharopoulos na William Loxley walitoa kitabu juu ya michepuo ya Kolombia na ya Tanzania. Waliona ya kuwa gharama yake ilizidi ile ya masomo ya kawaida, walakini wahitimu hawakupata faida iliyo wazi katika kutafuta kazi. Wako waliosoma hayo wakasema, basi karakana zifungwe. Sisi twayasoma vingine. Mlango usiofunguka hauonyeshi ya kuwa mgeni hakutaka kuingia.

Tazama Ifunda na Moshi, zilizoanza katika miaka ya 1950 kuwa shule za ufundi, zikageuzwa baadaye kuwa sekondari za ufundi. Huko mwanafunzi aliona mbele yake Chuo cha Ufundi cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1957, kisha na kile cha Arusha cha mwaka 1978. Akaona na idara zilizotaka mafundi umeme na wachora ramani. Hakuhubiriwa kupenda nyundo. Aliona nyundo inampeleka wapi. Majirani zetu wa Kenya walianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, wakajaza masomo ya mikono na kuwaachia wazazi mzigo wa kujenga karakana. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 masomo hayo yakapunguzwa.

Basi katika habari ya amali twadai hivi. Mwenye cheti cha amali awekwe katika ngazi ya mshahara iliyo sawa na ya karani aliyesoma miaka ile ile. Twajua wako wanachama watakaonung'unika, wakidhani ya kuwa fundi akipandishwa karani ameshushwa. Hao twawaomba waeleze mbele ya mkutano ni kwa hoja gani. Vifaa vifike shuleni kabla ya wanafunzi, na mwalimu wa useremala awe ni mtu aliyepata kushika randa. Tena jembe likome kuwa adhabu, kuanzia muhula ujao. Hilo la mwisho halihitaji fedha wala sheria mpya. Waraka mmoja watosha, na makarani wa kuupiga chapa wapo.