Kazi ya Mungu, au Kazi Yetu?

Nataka kusema neno lililonikaa moyoni tangu nilipotoka makaburini mwezi uliopita.

Hapa Mabibo tulikwenda kumzika mtoto wa siku tisa. Tulikuwa watu wachache, na shughuli yenyewe haikuzidi nusu saa, maana mchanga huzikwa kwa haraka, wala matanga yake si matanga. Tulipokwisha kufukia, mzee mmoja akamshika baba wa mtoto begani akamwambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Sote tukaitikia. Nami niliitikia.

Lakini njiani nilimwuliza yule baba mtoto aliugua nini, akanieleza. Siku ya tano kitovu kilikuwa chekundu na kutoa usaha, kwa kuwa kilipakwa mafuta na masizi kipate kukauka upesi. Siku ya sita mtoto aliacha kunyonya. Siku ya saba alishikwa na degedege, na wakubwa wa nyumba wakakataza asipelekwe hospitali, wakisema mwenye degedege akichomwa sindano hufa. Siku ya nane alifukizwa dawa. Siku ya tisa alikufa.

Basi, wasomaji wapenzi, nawauliza: katika siku hizo tisa, kazi ya Mungu ni ipi, na kazi yetu ni ipi? Mimi naona ya kuwa Mungu alitupa mtoto mzima, analia na kunyonya. Yaliyofuata tuliyafanya sisi. Kumtwika Mungu hatia yetu, kisha kuiita imani, ni kumsingizia.

Msidhani nasema habari ya nyumba moja. Katika hesabu ya afya ya Tanzania ya mwaka 2010, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 81 walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Katika hesabu ya mwaka 2022 walikuwa 43. Hapo twashukuru, maana chanjo, vyandarua na dawa vimefanya kazi. Lakini tazameni wachanga wasiotimiza mwezi mmoja. Mwaka 2010 walikufa 26 katika 1,000; mwaka 2022 walikufa 24. Wakubwa tumewaokoa, wachanga tumewaacha karibu pale pale walipokuwa. Leo zaidi ya nusu ya watoto wafao kabla ya miaka mitano hufa katika mwezi wa kwanza.

Wako watakaosema, "Mwalimu, kufa kwa wachanga ni jambo la tangu zamani, halina dawa." Nawajibu kwa neno moja: pepopunda. Zamani mchanga akikakamaa mwili na kushindwa kunyonya, watu walidhani ameingiwa na pepo, na jina lenyewe latuonyesha hivyo. Kumbe ni vijidudu vya udongoni, viingiavyo kwa kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu au kupakwa uchafu. Wajawazito wakachanjwa, vitovu vikakatwa kwa vifaa safi, hata mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani likathibitisha ya kuwa pepopunda ya mama na mchanga si tishio tena kwa Tanzania. Je, Mungu alibadilika? Hasha! Tulibadilika sisi.

Baada ya kitovu ni kinywa. Mtoto huzaliwa, na kabla mama hajapumzika, mtu amekwisha kuja na kijiko: maji ya uvuguvugu, maji ya sukari, dawa ya chango. Na yale maziwa ya kwanza ya rangi ya manjano, yaani dang'a, hukamuliwa na kumwagwa, ati ni machafu. Hayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto! Twamwaga kinga, twampa maji ya ndoo. Mchanga hahitaji chakula wala kinywaji ila maziwa ya mama yake, tangu saa ya kwanza hata miezi sita itimie.

Lakini kuna kibaya kuliko masizi na kijiko, nacho ni ulimi. Mtoto akizaliwa mdogo, au asiponenepa, majirani hunong'ona ya kuwa amebemendwa, yaani wazazi wake hawakujizuia, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mama akisikia hayo humficha mtoto. Haendi kliniki, kwa kuwa aogopa macho ya wenzake pale penye mzani. Ndivyo mtoto anayehitaji msaada kuliko wote anavyofichwa kuliko wote. Ndugu zangu, kuzaliwa kabla ya miezi kutimia si ushahidi wa uzinzi, na anayeeneza uvumi huo amefunga mlango wa kliniki kwa mkono wake.

Na msaada wa kwanza wa mtoto kama huyo hauuzwi dukani: ni joto la kifua. Mwaka 1978 huko Bogota, nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona vyombo vya kuwatia watoto joto havitoshi, alianza kuwafunga watoto vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 ilichapishwa habari ya utafiti uliofanywa katika nchi tano, Tanzania ikiwa mojawapo. Watoto wadogo waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao vilipungua kwa robo kuliko vya wale waliongojewa kwanza wapate nguvu. Hata kifua cha baba chafaa.

Nasi wanaume tusijifiche nyuma ya bibi na mashangazi. Twasema mambo ya uzazi ni ya wanawake. Walakini nauli iko mfukoni mwetu, na ruhusa twataka itoke kinywani mwetu. Mama aona mtoto amelegea saa nne za usiku. Mume yuko Mahakama ya Ndizi akipakua lori, simu haipokelewi. Bibi asema tungoje kukuche. Mchanga hangoji kukuche. Kutoka Mabibo hata hospitali ya Sinza au ya Mwananyamala si safari ya kulala njiani. Twapata fedha ya kukodi viti na turubai kwa sherehe ya arobaini. Je, twakosa ya pikipiki siku ya sita?

Najua neno la wazee: "Sisi tulilelewa hivi, na tu hai." Mama zangu, nawaheshimu, lakini walio hai ndio wasemao. Bibi yangu mwenyewe alizaa tisa, akalea watano. Hakuna aliyeuliza wale wanne walikufa nini.

Wengine husema, "Hata hospitali watoto hufa." Ni kweli. Wako wazaliwao kabla ya wakati, na wako washindwao kuvuta pumzi, wauguzi wakawapigania wasipone. Na penye uzembe tuseme wazi. Walakini kasoro ya hospitali yatupasa kudai itengenezwe. Si sababu ya kumwacha mtoto afe sebuleni.

Basi tufanye nini? Mtoto apelekwe kupimwa katika siku mbili za kwanza, tena siku ya 7, ya 28 na ya 42, hata akiwa mzima. Kitovu kiachwe kikavu na safi. Asiogeshwe kabla ya siku moja kupita. Na akiacha kunyonya, akipumua mbio, akiwa wa moto au wa baridi, akilegea, akishikwa na degedege, akiwa na manjano viganjani na nyayoni, au kitovu kikiwa chekundu, aondoke saa ile ile, usiku au mchana, mwenye ruhusa awepo asiwepo.

Tukiisha kufanya hayo yote na mtoto akafa, hapo tutasimama kaburini tuseme kazi ya Mungu haina makosa, na dhamiri haitatusuta. Kabla ya hayo, heri tunyamaze. Mimi niliyeitikia siku ile nimekusudia kuuliza kwanza.

Ni mimi,
Mwalimu, Mabibo, Dar es Salaam