Mbabula Katika Chumba cha Kulala

Butembo iko juu, meta 1,700 na zaidi, na usiku baridi yake hupita ya Beni. Kwa hiyo wengi huingiza mbabula chumbani, kisha hufunga mlango na dirisha. Husema, "Makala yamekwisha kuwa mekundu, hayana moshi." Hapo ndipo penye hatari! Moshi ungewakohoza mkaamka. Lakini hewa ya sumu ya makala haina harufu wala rangi, nayo huua mtu usingizini. Nyumba nzima wakiamka na kichwa kuuma na kutapika, msikimbilie kusema ni malaria. Tokeni nje upesi, mje hospitali. Mimi naona heri kununua blanketi kuliko gunia la makala. Oteni moto jioni uani, na mbabula ilale huko huko. Na mtoto mchanga? Mama amweke kifuani, ngozi kwa ngozi, wafunikwe pamoja.