Mto Nyongores ni wetu, mbona hauna njia?

Kila wikendi utawaona kwenye simu yako: wasee wenye raba, chupa za maji na miwani ya jua, wako Ngong, wako Aberdare, wako ndani ya korongo la Hell's Gate kule Naivasha. Hata sisi wa Bomet na Kericho tunachanga pesa, tunapanda matatu asubuhi na mapema, twende tukapige picha kwenye miamba ya watu. Nimeenda pia, na sijuti. Swali langu ni moja tu: mbona mto wa nyumbani sijawahi kuufuata hata kilomita moja?

Mto wenyewe ni Nyongores. Unatoka msitu wa Mau, unapita kwenye mashamba ya chai, halafu unaporomoka kwenye mwamba pale Tenwek, nje kidogo ya mji wa Bomet. Maporomoko hayo ndiyo yanayozalisha umeme wa hospitali iliyo jirani. Ukiendelea kuteremka, Nyongores unakutana na Amala, na hapo ndipo Mto Mara unapozaliwa. Ndiyo, ule ule ambao dunia nzima inakuja kutazama nyumbu wakiuvuka. Wageni wanalipa dola kumwona mtoto. Mama yake, huku kwetu, ni mahali pa kufulia nguo na kuoshea boda boda.

Mwaka jana tuliamua kujaribu, marafiki wanne. Tukashuka chini ya maporomoko kwa kijia cha ng'ombe, tukarukaruka mawe hadi kwenye jabali moja kubwa, tukakaa kula mahindi. Jua lilikuwa linawaka. Hakukuwa na kibao wala mtu wa kuuliza. Mara kogo mmoja mwenye mzigo wa kuni akatupigia kelele kutoka ng'ambo: "Nyinyi watoto, tokeni huko! Kumenyesha juu!"

Tukaangaliana. Mvua gani na jua hili? Lakini ukubwa ni dawa, tukatoka. Haikupita nusu saa, maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa, na lile jabali letu halikuonekana tena. Tulirudi nyumbani bila mtu kuongea. Zile picha hatukuziposti.

Kogo alijua jambo ambalo sisi wenye data hatukulijua: korongo halingoji mvua iliyo juu ya kichwa chako. Septemba 2019, mafuriko ya ghafla yaliua watu saba katika korongo la Hell's Gate. Na hiyo ni mbuga yenye lango, askari na waongozaji. Sasa fikiria Nyongores, ambao maji yake yanatoka Mau, na hapo hakuna yeyote isipokuwa kogo aliyepita na kuni kwa bahati.

Najua kuna atakayesema, "Basi msiende huko." Hilo halitasaidia. Vijana wanaenda tayari, na wataendelea kwenda. Kinachohitajika ni njia inayojulikana: unashuka upande mmoja wa mto, unavuka kwenye daraja la miguu, unarudi kwa upande wa pili hadi ulikoanzia. Iwekwe alama, vibao vya kuonya, na vijana wa hapo hapo waliofunzwa kuusoma mto na kuwapigia simu wenzao wa juu kabla ya kuruhusu kundi lishuke. Hili haliwezi kuishinda serikali ya kaunti.

Wenye mashamba nao wana hoja, na tuwasikilize. Mtu ana ekari moja ya chai hadi karibu na maji. Hataki wageni wakanyage majani, waache chupa za plastiki na kufungua lango la ng'ombe. Ni haki yake. Lakini Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inaihesabu mito kuwa ardhi ya umma, na sheria inalinda ukingo wake. Hakuna aliyepaswa kulima hadi majini. Njia nzuri ingesaidia kuurudisha ukingo huo, na mwenye shamba apate chake kwa kila kundi linalopita.

Jirani zetu wameonyesha inawezekana. Kule Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, wanakijiji wanawapitisha wageni katikati ya migomba na kahawa hadi kwenye maporomoko, kisha wanawaonyesha jinsi kahawa inavyotwangwa na kukaangwa. Sisi tuna chai, tuna mursik, tuna hadithi. Tumekosa nini?

Na tusisahau suala la mboka. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa Kericho kwa sababu watu waliona riziki yao inameng'enywa na chuma. Njia moja ya mto haitarudisha kazi hizo zote, nisidanganye mtu. Lakini mashine haiwezi kumshika mgeni mkono kwenye jiwe lenye utelezi na kumwambia leo maji si mazuri, turudi.

Hadi njia hiyo ije, sisi wenyewe tuwe na adabu. Uliza wenyeji kabla ya kushuka. Salimia: chamgei haigharimu kitu. Mlipe kijana anayekuongoza, na taka zako urudi nazo. Na siku kaunti itakapoita wananchi kutoa maoni kuhusu bajeti, tujaze ukumbi, tuitaje Nyongores kwa jina.

Kogo ametulinda mara moja bure. Sasa tunadai apumzike, na kazi hiyo apewe mjukuu wake kwa mshahara.