Picha ya Kuvutwa Haiwi Kubwa

Wako wasemao kwamba picha ya fraktali si sanaa, kwa kuwa mwenye kuitengeneza hubonyeza kitufe akaenda kulala, na kompyuta ikamfanyia yote. Neno hili husemwa kwa dharau, na aghalabu na watu wa sanaa wenyewe. Ni kosa, lakini waliolipa nguvu ni wale wanaochukua picha ndogo, wakaivuta mpaka ikaenea ukuta mzima, kisha wakaiita kubwa. Hao ndio wanaostahiki lawama.

Kanuni yenyewe ni fupi kuliko mshororo mmoja: chukua namba, izidishe kwa nafsi yake, ongeza namba ya mahali ulipo, kisha jibu ulirudishe mwanzo. Gaston Julia na Pierre Fatou, wanahisabati wa Ufaransa, walizichunguza kanuni za namna hii wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wala hawakuwa na mashine ya kuwaonesha walichokigundua. Mwaka 1980 Benoit Mandelbrot, aliyekuwa akifanya kazi IBM huko Marekani, alilichunguza kwa kompyuta umbo ambalo leo lina jina lake. Kila nukta ya picha huulizwa swali moja: ukirudia na kurudia, namba yake itakimbia au itabaki karibu? Ikikimbia, hupewa rangi kwa kadiri ya hatua ilizopiga kabla ya kutoroka. Isipokimbia, kwa kawaida huachwa nyeusi. Ukingo baina ya hizo mbili hauna mwisho wa mapambo.

Sasa na ihesabiwe gharama. Picha ya sentimita 100 kwa 75, ikichapwa kwa nukta 300 katika kila inchi, huhitaji nukta 11,811 kwa 8,858, yaani zaidi ya milioni 104. Hata hizo hazitoshi, kwani kingo hutoka na meno kama ya msumeno, na nyuzi nyembamba hukatikakatika. Basi kila nukta hugawanywa mara tisa, kila sehemu ikakokotolewa peke yake, kisha rangi zao zikachanganywa kupata wastani. Maswali yamekwishafika zaidi ya milioni 941, na kila moja huweza kurudiwa maelfu ya mara. Kompyuta ya nyumbani huunguruma usiku kucha. Mwenye busara huigawa picha vipande, akahifadhi kila kipande kinachokamilika, ili umeme ukikatika asianze upya.

Akitaka kuzama zaidi, hukuta kwamba namba za kawaida za kompyuta hubeba tarakimu 15 au 16 tu. Zikiisha, picha huvunjika ikawa miraba mitupu. Hapo hutakiwa namba ndefu, na namba ndefu ni nzito. Tangu mwaka 2013 imeenea mbinu ya kuikokotoa nukta moja kwa namba ndefu, na jirani zake kwa tofauti ndogo zilizo baina yao nayo. Mbinu hiyo imepunguza muda, kazi haikuiondoa.

Atasema mtu: kungoja si ufundi. Ni kweli, na picha iliyokokotolewa siku saba huweza kutoka mbaya. Ufundi umo katika kuchagua. Mchoraji hujaribu kwanza picha ndogo kadhaa, akausogeza mpaka wa picha, akapima rangi, akaongeza kiwango cha marudio pale weusi unapofunika mapambo yaliyomo. Mshairi naye hupewa mizani nane kwa nane kabla hajatamka neno, na hakuna aliyewahi kusema kwamba mizani ndiyo iliyotunga shairi.

Lakini mshairi mwenye maneno ya beti tatu akayavuta yawe thelathini, wasomaji humjua mara moja. Mvutaji wa picha ni ndugu yake. Programu za akili mnemba, zinazobahatisha mapambo yasiyokuwapo, zimemzidishia hila. Katika picha ya kamera, kisichonaswa kimepotea, na anayebahatisha huenda akasamehewa. Katika fraktali hakuna kilichopotea: kila nukta ina jibu lake, nalo linamngoja atakayelikokotoa. Kulibunia swali jibu ilhali jibu lake lipo ni uongo, hata ukipakwa rangi za kupendeza.

Mtihani ni mwepesi. Mtazamaji na ausogelee ukuta mpaka pua ikaribie kugusa karatasi. Kama uzi aliouona kwa mbali umegeuka matawi, na matawi yakazaa matawi mengine, basi picha ni kubwa, na aliyeitengeneza hakulala bure. Akikuta ukungu, na aondoke. Njia ya mwongo ni fupi, na hapo ndipo ilipokomea.