Tuzo ya Usuluhishi Haifi Mpakani

Wafanyabiashara wengi wa ukanda wetu wanakwepa kuweka kipengele cha usuluhishi kwenye mikataba yao, na hofu hiyo inawagharimu. Nyingi ya hoja zao hazina msingi.

Ya kwanza ni kwamba tuzo iliyotolewa Nairobi ikishavuka Namanga inageuka karatasi tupu. Si kweli. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa New York wa 1958, unaohusu kutambua na kukaza tuzo za usuluhishi za kigeni, tangu mwaka 1964, Kenya 1989, Uganda 1992, Rwanda 2008, kisha Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2014. Kenya, Tanzania na Uganda zilijiwekea sharti la kutambua tuzo za nchi wanachama pekee, na majirani hawa wote ni wanachama.

Eti Mahakama Kuu itasikiliza kesi upya? Huu ndio upotoshaji mkubwa kuliko yote. Mkataba umetaja sababu saba tu za kuikataa tuzo. Mdaiwa anaweza kuthibitisha kwamba hakupewa taarifa ya shauri, au wasuluhishi waliamua jambo ambalo hawakupelekewa, au tuzo imetenguliwa kule ilikotolewa. Msuluhishi akikosea hesabu ya shehena iliyooza, au akielewa vibaya kipengele cha bei, hiyo si sababu. Mshindi naye anapeleka tuzo yenyewe au nakala iliyothibitishwa, pamoja na makubaliano ya usuluhishi. Tuzo ikiwa imeandikwa kwa Kifaransa huko Bujumbura, aambatanishe tafsiri ya mtafsiri aliyeapishwa.

Wengine wanaogopa kisingizio cha sera ya umma, mojawapo ya sababu hizo saba. Mwaka 2002, katika shauri la Christ for All Nations dhidi ya Apollo Insurance, Jaji Ringera wa Kenya aliweka kipimo: tuzo iwe inakiuka Katiba au sheria nyingine za nchi, inadhuru maslahi ya taifa, au inapingana na haki na maadili. Tuzo ile ilikuwa ya ndani ya nchi, na alikataa kuitengua. Hayo maneno "sheria nyingine" yana upana unaonitia wasiwasi. Hata hivyo, kutoridhika kwa aliyeshindwa hakumo.

Heri hukumu ya mahakama, basi? Sheria ya Kenya ya kutambua hukumu za kigeni inazitaja Tanzania, Uganda na Rwanda. Burundi na Kongo hazimo.

Penye ukweli ni hapa: Kongo ilijitoa katika migogoro ya mali isiyohamishika, kwa hiyo anayegombea kiwanja Lubumbashi asiutegemee Mkataba huu. Na anayeuza saruji Bukavu ajue kabla ya kusaini kama mteja wake ana akaunti, malori au bohari, na viko nchi gani, kwa sababu maombi ya kukaza tuzo hupelekwa palipo na mali.