MGENI NA MBWA WAKE WALE WAPI?

Namshukuru mhariri wa jarida letu kwa kunipa nafasi hii niseme lililonikaa rohoni tangu likizo ya Agosti. Najua wapo watakaosoma kichwa cha makala haya wacheke. Mbwa? Hapa Amu? Hata wenzangu wa Chama cha Kiswahili walinicheka nilipowaambia nitaandika nini, na mmoja akanishauri niandike juu ya madhara ya dawa za kulevya kama watu wengine. Lakini mimi nimeosha sahani 24 kwa udongo kwa ajili ya mbwa mmoja, kwa hivyo naona nina haki ya kusema.

Kisa chenyewe ni hiki. Ami yangu ana hoteli ndogo karibu na pwani. Si hoteli ya kulala, ni ya kula: meza sita na mabenchi yake, mahamri na mbaazi asubuhi, wali wa nazi na samaki wa kupaka mchana. Kila likizo mimi humsaidia. Siku hiyo, baada ya sala ya adhuhuri, waliingia wageni watatu, baba, mama na mtoto wa kike wa miaka kama saba hivi. Hawakuwa Wazungu, kama pengine unavyodhani. Walikuwa Wakenya wenzetu kutoka Nairobi, nao walikuwa na kijibwa cheupe cha manyoya mengi, kimefungwa kamba nyekundu shingoni. Kijibwa kikaingia nao, kikalala chini ya meza, kisibweke hata mara moja. Wallahi, kilikuwa na adabu kuwashinda wateja wetu wengine.

Mimi nilikiona. Hilo nalikiri mapema. Nilikiona nikanyamaza, kwa sababu sikujua niseme nini. Kumwambia mgeni atoke ni aibu, na kumwacha mbwa hotelini ni aibu nyingine. Basi nikajifanya kipofu nikapeleka wali. Yule mtoto alikula kidogo akashiba, akaiteremsha sahani yake chini ya meza, na kijibwa kikairamba mpaka ikang'aa.

Meza ya pili alikuwa ameketi mzee mmoja, fundi wa mashua, ambaye amekula kwetu tangu mimi sijazaliwa. Akatazama chini. Tonge likabaki hewani. Akasimama, akasema, "Hapa hakuliki tena," akatoka. Wateja wawili wakamfuata bila hata kunawa.

Ami akatoka jikoni mbio. "Mtoe nde! Mtoe nde mbwa huyu!" Nami kwa haraka na fadhaa nikachukua kopo la maji nikakimwagia kijibwa, huku nikipiga kelele "Toka! Toka!" kama nafukuza mwizi. Kijibwa kikalia. Mtoto naye akalia. Baba yake hakututukana. Aliweka pesa mezani, zaidi ya bei ya chakula, akamshika mtoto mkono wakaenda zao, na sahani mbili hazijaguswa. Yule mtoto aligeuka mara moja akaniangalia. Nimepigwa viboko maishani mwangu, lakini sijapata kuangaliwa vile.

Shida haikuishia hapo. Katika zile vurugu, mwenzangu wa jikoni alikuwa amekusanya sahani zote akazitia katika karai moja. Sahani iliyorambwa ni ipi? Hakuna aliyejua. Sisi watu wa pwani hii wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo huoshwa mara saba, na moja katika hizo kwa udongo. Basi nikakaa nyuma ya hoteli tangu alasiri mpaka karibu na magharibi. Sahani 24 mara saba, fanya hesabu mwenyewe. Na pamoja na yote hayo, yule fundi hakurudi kula kwetu kwa siku tisa, na kila aliyekuja aliigeuza sahani yake akaichungulia chini kama anatafuta nyayo.

Sasa nauliza, nani aliyekosa? Mzee fundi hakukosa. Alilipia chakula safi kwa jinsi dini yake inavyomfundisha usafi, naye ana haki ya kukipata. Kijibwa hakikukosa, kwani mbwa akipewa sahani afanye nini, asome dua? Na wageni wale, hata kama nilikasirika siku ile, sasa naona hawakukosa. Huko Nairobi, katika mitaa kama Karen, iko mikahawa yenye bustani ambayo humkaribisha mtu na mbwa wake, na wengine huletewa bakuli la maji kabla bwana wake hajaletewa chai. Ufaransa ni jambo la kawaida kumwona mbwa amelala chini ya meza ya mkahawa. Mtu aliyezoea hivyo atajuaje kwamba hapa ni vingine? Sheria yetu imo vifuani mwetu, haikuandikwa mlangoni, na mgeni hawezi kusoma kifua cha mtu. Aliyekosa ni sisi wenye hoteli. Tunangoja mgeni aingie, aagize, ale, kisha tunamfukuza kwa maji.

Wako wanaosema kwamba mbwa amelaaniwa na ni haki kumpiga mawe. Hayo si mafundisho. Ustadhi wetu wa madrasa, nilipomuuliza, alinikumbusha Sura ya Pango, ambamo vijana wale waliolala pangoni walikuwa na mbwa wao mlangoni, tena Mwenyezi Mungu akamtaja pamoja nao. Akanikumbusha kwamba katika Sura ya Meza windo lililokamatwa na mbwa aliyefunzwa limehalalishwa. Na iko hadithi sahihi, mashuhuri, ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa aliyekuwa akila mchanga kwa kiu, na kwa kitendo kile akasamehewa madhambi yake. Zaidi ya hayo akanieleza jambo ambalo sikulijua kabisa: wafuasi wa Imamu Malik hawaoni kwamba mbwa mwenyewe ni najisi, ingawa nao wana amri ya kuosha chombo alichokiramba. Mimi sisemi tuache madhehebu yetu, la hasha! Nasema tu kwamba najisi huoshwa. Haipigwi mawe, wala haimwagiwi maji mbele ya mtoto.

Na tukisema juu ya wanyama na chakula, hebu tuwe wakweli kidogo. Mji wetu umejaa paka. Wamepigwa picha na watalii mpaka wamechoka. Kisheria paka si najisi, hilo ni kweli, lakini paka wa pale kwetu hupanda mezani, huiba kichwa cha samaki jikoni, na Ami humwambia "Shuka wewe!" kwa sauti ya mtu anayemwambia mjukuu. Punda naye husimama mlangoni penyewe, na anachokiacha pale sina haja ya kukitaja katika jarida la shule. Punda wana kliniki yao hapa mjini tangu 1987, ambako hutibiwa bure, nami naliona ni jambo jema. Basi mji unaojua kumtibu punda na kumvumilia paka umeshindwa kumtafutia mbwa wa mgeni pahali pa kungojea nusu saa?

Rai yangu ni kwamba mbwa asiingie ndani ya hoteli, na sahani za watu asizifikie. Hapo sina ubishi na Ami wala na fundi. Lakini nje, pembeni ya mlango, chini ya kivuli cha ule mwembe wetu, pawekwe benchi moja na meza moja. Mgeni mwenye mbwa akija, apelekwe pale kwa heshima kabla hajaketi ndani. Chakula chake kipakuliwe katika sahani zenye alama, mbili au tatu tu, ambazo haziingii katika karai moja na nyingine. Mbwa awe na maji yake katika kopo lake mwenyewe, hata likiwa kopo la maziwa ya unga. Na mlangoni kuwe na kibao, kwa Kiswahili na Kiingereza, ili asiwe mtoto wa miaka 16 ndiye anayetafuta maneno ya kumwambia mtu mzima. Gharama yake ni nini? Ubao, rangi kidogo, na benchi ambalo tayari lipo, limevunjika mguu mmoja tu.

Nilipomweleza Ami alinijibu kwa methali, kama kawaida yake. "Mchezea mbwa humfuata msikitini. Yeo barazani, kesho yuu ya meza." Nikamjibu kwamba siku ile mbwa aliingia ndani kwa sababu nje hapakuwa na pahali pa kumweka. Akanyamaza. Akasema nina mdomo mrefu.

Jambo jingine ambalo watu hawalizingatii ni kichaa cha mbwa. Hili si la dini moja wala kabila moja. Yuko mwenzangu darasani ambaye kwao ni Mpeketoni, na kule mbwa hulinda shamba na boma. Anasema hata wao hawamwingizi mbwa hotelini, na humwogopa mbwa asiyejulikana kuliko sisi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na karibu wote huupata kwa kuumwa na mbwa. Hapa Kenya hukadiriwa kufa watu 2,000 hivi kwa mwaka, na serikali ilianza mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza ifikapo 2030. Ukishaanza kuonyesha dalili hakuna tiba, lakini chanjo ya mbwa huuzuia. Kwa hivyo mwenye hoteli ana haki ya kumwuliza mgeni kwa upole kama mbwa wake amechanjwa na cheti kiko wapi. Na kamba isifunguliwe, hata kama mwenyewe anaapa kwamba mbwa wake haumi. Kila mwenye mbwa husema hivyo.

Kuna swali moja lililoninyima usingizi, nami naliacha kwa wasomaji. Mji wetu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na wageni huja kutoka kila pembe. Siku moja akija kipofu anayeongozwa na mbwa, tutafanyaje? Huyo mbwa si wa kuchezea, ndiye macho yake. Tukimwambia amwache nje kule chini ya mwembe, tumemwambia ayaache macho yake nje, kisha apapase ukuta mpaka mezani. Huko Uingereza, mjini Leicester, jambo kama hili lilitokea mwaka 2008 kwa kijana Mwislamu kipofu aliyetaka kwenda msikitini na mbwa wake mwongozaji. Wakubwa wa msikiti hawakumfukuza, wala hawakumpeleka mbwa katika safu za wanaosali. Walimtengea mbwa pahali pa kupumzikia pale msikitini, kijana akasali, kisha wakarudi nyumbani pamoja. Kama msikiti uliweza kupata njia, hoteli ya meza sita haiwezi? Kwa kipofu mimi naona benchi la nje halitoshi. Inafaa mwenye hoteli mwenyewe amshike mkono amfikishe mezani, na mbwa awekwe karibu na mlango ambapo bwana wake anaweza kumwita. Lakini hapa sina uhakika wote, na wanaojua zaidi wanijibu katika toleo lijalo.

Najua pia yuko atakayesema kwamba wageni wenye mbwa ni wachache mno na mambo haya ni makelele ya bure. Ni kweli ni wachache. Lakini baadhi ya wenye nyumba Shela na ng'ambo ya Manda wanao mbwa, wenye nyumba za kupangisha hupokea watu wa kila namna, na wale watatu wa Nairobi watakuwa wameshawasimulia majirani zao namna walivyopokewa Amu. Sisi tunaojisifu kwa ukarimu, tunaosema mgeni njoo mwenyeji apone! Hapo nilipo ningetoa posho yangu ya muhula mzima niwaone tena, niwaombe radhi, hasa yule mtoto.

Kibao nimekwisha kukipaka rangi. Nimeandika: "Karibuni. Mbwa hukaa nje chini ya mwembe. Maji yake yapo." Mwalimu wa Kiingereza amenisahihishia upande wa pili. Mguu wa benchi nimeugongomea msumari. Ami hajakitundika kibao, kiko nyuma ya gunia la unga, na nikimwuliza huniambia atakitundika siku ambayo yule fundi wa mashua atasema sawa. Fundi amerudi kula kwetu, lakini huketi meza ya mwisho kabisa, mgongo ukutani, akiutazama mlango. Ijumaa hii baada ya sala nitamfuata hapo anapochonga mbao, nimweleze.