Eti korosho si neno

BENCHI LA STENDI
Na Binti Mkomaindo

Jumamosi nilikwenda siku ya wazazi katika shule moja ya hapa Masasi, kumtazama binti wa kaka yangu. Nilirudi na hasira, na mpaka leo haijashuka.

Walikuwa wameandaa shindano la maneno ya Kiingereza. Ubao umechorwa kwenye manila, miraba imepigwa rula, na herufi zimeandikwa kwa makapeni juu ya vizibo mia moja vya soda. Mtoto anachota saba bila kutazama, anaunda neno, anahesabiwa pointi. Binti yetu, wa darasa la tano, akachota vyake, akavipanga, akavigeuzageuza. Nikauona uso wake unakunjuka. Akaviweka ubaoni kimoja kimoja: K, O, R, O, S, H, O.

Tukapiga makofi. Saba kwa mpigo! Kwa sheria za mchezo wenyewe, anayemaliza saba mara moja huongezewa pointi 50. Mwalimu akasogea, akatazama, akavikokota vizibo kwa kiganja kama anayefuta makombo mezani. “Hili si neno. Tafuta neno.”

Korosho si neno. Masasi hapa hapa, msimu huu, magunia yako ghalani, na asubuhi watu hawaulizani hali kabla ya kuulizana bei ya mnada. Ada ya yule mtoto imetoka kwenye korosho. Angesema si neno la Kiingereza ningekaa kimya, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria waliyojiwekea. Alisema si neno.

Mvulana aliyefuata akaweka vizibo viwili, Q na I. Mwalimu akashangilia. Zamu yake iliporudi akaweka X na U, akatangazwa mshindi. Nikamwita pembeni. Akanishika mkono, shikamoo, mtoto wa adabu kabisa. Nikamuuliza xu maana yake nini. “Sijui, mama. Iko kwenye orodha.” Kaka yake aliingiza herufi kwenye programu ya simu, ikamtolea maneno yote yenye Q na X, naye akayakariri wiki nzima. Simlaumu hata kidogo, alifanya alichotakiwa kufanya.

Lakini hayo maneno ni ya nani? Qi ni ya Wachina, ile nguvu ya uhai wanayoisema waganga wao. Xu ilikuwa senti ya Vietnam. Waingereza waliyachukua, wakayatia kwenye kamusi yao, sasa yanahesabika. Hata cashew, neno lao la korosho, limepitia kwa Wareno, na Wareno walilitoa kwa wenyeji wa Brazil. Kwa hiyo Mchina ana neno, Mvietnam ana neno, Mbrazil ana neno, na mtoto wa Masasi ana makombo.

Mchezo huu aliubuni Alfred Butts, msanifu majengo wa Marekani aliyekosa kazi katika mdororo wa miaka ya 1930. Alikaa akihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya kwao, ili ajue ipi inatumika sana na ipi kwa nadra. Ndiyo maana katika mia moja E ziko 12 na K ni moja tu. Ukitaka kuandika kuku, K ya pili huna, mpaka utumie kizibo kitupu. Alihesabu lugha yake, na alifanya vizuri. Sisi tumebeba hesabu yake nzima nzima, pamoja na Q na X ambazo alfabeti yetu haina, tukawapa watoto wanaoota kwa Kimakua, Kimakonde na Kiyao. Ile K moja ilimwangukia binti yetu, na akaifanyia kazi.

Mwaka 2015 Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa dunia wa mchezo huu kwa Kifaransa. Kifaransa hakijui. Alikariri kamusi. Watu husimulia habari hiyo kama muujiza, mimi nikiisikia namkumbuka yule mvulana na xu yake. Kiingereza watoto wakijue, tena wakijue sana, maana sekondari wanafundishwa kwa hicho. Orodha ya simu haimfundishi mtoto kuomba hata maji.

Na michezo ya maneno si migeni kwetu. Marehemu mama yangu, mzaliwa wa Lindi, alitufundisha kinyume tukibangua korosho uani: silabi ya mwisho unaitanguliza. Masasi ikawa Simasa, Newala ikawa Lanewa, korosho ikawa shokoro, na aliyekwama alibangua sahani nzima peke yake. Edward Steere, askofu aliyewaleta Masasi mwaka 1876 watu waliokombolewa utumwani, alikieleza kinyume katika kitabu chake cha Kiswahili cha 1870. Mgeni yule aliona kina thamani ya kuandikwa.

Jioni ile nilinunua makapeni, nikaomba vizibo kwa mwenye duka. Tukakaa mkekani mimi na binti yetu, Kamusi ya Kiswahili Sanifu ikiwa refa. A tukaandika nyingi, K tukaandika kumi. Q na X hatukuziandika. Nikamwambia aanze yeye, nikijua ataweka korosho.

Hakuiweka. Aliweka K, U, K, halafu akakishika kizibo cha mwisho mkononi, akanitazama usoni kwanza.